Utepe Mwekundu na Pumzi za Zuhura

Nisikilize, mwanangu uliyevaa sare nyeupe juzijuzi. Siku yangu ya kwanza wodi ya watoto hapa Tanga, Matroni alinishika mkono hadi kwenye kitanda cha mtoto aliyelala. "Chati baadaye," akasema. "Kwanza angalia kifua." Nimeangalia vifua mpaka nastaafu.

Ndivyo nilivyomwona, miaka yangu ya mwisho kazini, Zuhura wa mtaa wa Mabawa, miaka minne. Mama yake alikuwa akicheka: "Anakoroma kama babu yake, nesi. Usingizi wa raha huo!"

Raha ipi? Mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilikuwa zimevimba. Akilala, njia ya hewa inajifunga. Kifua kinahangaika bure, midomo inabadilika rangi, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo. Zamu yake ya upasuaji ilikuwa bado mbali. Lakini tulikuwa na mashine ya kumvusha: inasukuma hewa ya kawaida kupitia barakoa ya puani, koo libaki wazi.

Ilikuwa stoo, imefungwa utepe mwekundu.

"Mgeni rasmi hajaja kukabidhi," akasema Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali.

"Daktari, mtoto anakatika pumzi."

"Bi Mwanaidi, unataka mheshimiwa apige picha na kitu kilichokwisha tumika?"

Nikanyamaza siku tisa. Mimi! Siku ya kumi, mchana, midomo ya Zuhura ikawa ya buluu. Nikachukua mkasi.

Daktari wa watoto akapanga nguvu ya hewa. Barakoa tulimvika mwanasesere kwanza, kisha Zuhura akaomba yake. Mtoto halazimishwi, anabembelezwa. Akalala. Mama yake akaruka: "Mbona kimya? Nesi, mwanangu!"

"Mguse kifua, mama. Anapumua."

Akaweka kiganja pale, akalia.

Nilipewa barua ya onyo. Hiyo hainiumi. Kinachoniunguza ni siku mgeni alipofika: walimvua Zuhura barakoa, wakaifuta mashine, wakafunga utepe mpya. Mgeni akakata. Nami nikapiga makofi, huku mtoto akisinzia mapajani mwa mama yake, akikoroma.

Alifanyiwa upasuaji, akapona. Sasa ni msichana wa shule. Tukikutana mtaani Nguvumali ananiamkia, "Shikamoo, bibi," naitikia nikimtazama kifua.

Kesho ukiingia zamu, angalia kifua cha kila mtoto anayekoroma. Kisha omba ufunguo wa stoo, na ukikuta utepe, ukate.