Kanga Chini ya Mabega

Yule bibi alianza kunishuku kabla sijamwamkia. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mjukuu wake amemfungia kifuani ndani ya sweta la mtu mzima. Mkwewe, mama wa mtoto, alikaa pembeni ameinamisha kichwa. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa koti langu, kana kwamba kuna kitu nimekificha humo.

Walikuwa wametoka upande wa Rangwi, kwa miguu kwanza, kisha juu ya lori la kabichi. Mtoto alikuwa wa kiume, hajaanza hata kukaa. Alikuwa na ngiri iliyoshuka ikanasa kinenani, uvimbe mgumu, mwekundu, na tangu jana yake alikuwa akitapika. Daktari alijaribu kuusukuma taratibu urudi ndani, ikashindikana. Akasema lazima tupasue, tena mapema, kabla utumbo haujaoza.

Mimi nilikuwa muuguzi wa kutoa dawa ya usingizi. Wazazi wangu walikuwa wachuma chai kule Mponde, baba akiwa amekuja kutoka Tabora kutafuta kibarua, kwa hiyo sikuwa Msambaa. Kishambaa nilikijua kwa kucheza na watoto wa majirani, lakini wagonjwa wengi hawakulijua hilo, na nilisikia mengi ambayo hayakukusudiwa masikio yangu. Siku ile nilimsikia bibi akimwambia mkwewe, "Huyu si wa kwetu. Usimwondolee macho."

Sikumlaumu sana. Miaka ile watu wa milimani walikuwa wameshaambiwa mengi na watu waliovaa viatu: wahame, walime pamoja, wachimbe vyoo, wapeleke watoto wakachomwe sindano. Tena kulikuwa na uvumi kwamba mtoto wa kijiji cha jirani aliingizwa hospitalini akiwa mzima akatoka amefunikwa shuka. Hospitali ipi, hakuna aliyesema. Uvumi hauhitaji anwani.

Nasi tulikuwa na shaka zetu. Nilimwuliza mama wa mtoto, "Amenyonya leo? Amekula chochote?"

Kabla ya kujibu alimtazama mama mkwe wake. "Hajanyonya," akasema.

Kule kumtazama sikukupenda. Mtoto anayelazwa kwa dawa akiwa na chakula tumboni anaweza kutapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Nikarudia swali kwa upole. Jibu likawa lile lile, kwa sauti ndogo zaidi. Sikuwaamini, lakini sikuwa na la kufanya, nikampokea mtoto na kuingia naye.

Ndani tulikuwa tumewasha jiko la mkaa mapema ili chumba kipate joto, kisha tukalitoa nje, kwa sababu dawa ya usingizi tuliyoitumia, etha, hushika moto upesi. Kwa ajili ya harufu yake dirisha moja tuliliacha wazi kidogo. Hapo ndipo bibi alipokuja kusimama.

Kwanza nilitaka kumweka mtoto sawasawa kabla ya dawa. Mtu mzima tunamwekea mto chini ya kichwa. Mtoto mchanga ni kinyume. Kisogo chake ni kikubwa kuliko mwili wake, kwa hiyo ukimlaza chali juu ya meza kichwa kinasukumwa mbele na kidevu kinagusa kifua. Koo lake ni laini kama bua la jani la boga: ukilipinda mbele linajikunja, ukilivuta mno nyuma linabana. Kinachotakiwa ni kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, mwili uinuke kidogo, kichwa kitulie nyuma na uso utazame dari. Hapo njia ya hewa inafunguka, na ukiingiza kile chuma chenye taa mdomoni unaona pa kupitisha mpira wa kupumulia.

Nikakunja taulo, nikaliweka chini ya mabega, nikakishika kidevu na kukiinua kidogo.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Bibi akaingia, miguu yake ina matope ya njiani, akamnyakua mtoto mezani.

"Mnamchinja!" alipiga kelele kwa Kishambaa. "Mmemwinua shingo kama mbuzi! Nimeona kwa macho yangu!"

Daktari akasema kwa Kiswahili, "Bibi, toka nje, tafadhali. Mtoto atakufa hivi hivi."

"Basi afie mikononi mwangu!"

Nikamjibu kwa Kishambaa. Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka nilisema, "Bibi, mimi sichinji. Nataka apumue. Njoo umsikie mwenyewe."

Alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu. Lugha yake ilikuwa imetoka mdomoni mwa mtu ambaye hakumtarajia, na nadhani hilo lilimwongezea shaka badala ya kuipunguza. Lakini alisogea. Mtoto alikuwa amechoka kulia, anasinzia. Nikamwomba amlaze mwenyewe juu ya meza, bila taulo. Akamlaza. Kidevu kikashuka kifuani, na pumzi ikaanza kukoroma, ikikwama na kuachia. Nikapenyeza taulo chini ya mabega. Ule mkoromo ukakatika, kifua kikawa kinapanda na kushuka kimya.

Bibi akainamisha sikio karibu na pua ya mtoto, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaliondoa taulo, akasikiliza tena. Akalirudisha.

"Taulo hili la nani?" akauliza.

"La hospitali."

"Nani alilitumia jana?" Akafungua kanga yake ya mabegani. "Tumia hii. Na sitoki."

Nilimtazama daktari. Alikuwa kijana, hajazoea milima yetu, na jasho lilimtiririka. "Avae kofia na kitambaa cha mdomo," akasema. "Asimame mlangoni. Asiguse kitu."

Kanga ilikuwa kubwa kuliko taulo. Nilipoikunja na kuiweka, mabega yaliinuka kupita kiasi, kichwa kikaanguka nyuma na kugeukia kushoto. Nilipapasa nikakuta fundo gumu pembeni ya kanga. Dawa ya mganga? Tena dawa gani?

"Bibi, hapa kuna nini?"

"Ugoro wangu," akasema kwa hasira, akalifungua fundo mwenyewe. Nikapunguza mkunjo mmoja, kichwa kikatulia.

Nikachukua barakoa ya etha. Ndipo bibi akasema kutoka mlangoni, safari hii kwa Kiswahili ili na daktari asikie, "Subirini. Nilimpa uji. Asubuhi, kwenye lori. Alikuwa analia mno."

Mama mtu, aliyekuwa nje, akaanza kulia. Hakuna aliyemkemea mtu. Niliweka barakoa chini, nikapitisha mpira mwembamba puani hadi tumboni, nikavuta kwa bomba la sindano. Uji ulitoka, mweupe, na mwingine, na mwingine. Kila nilipovuta niliwaza ungekuwa wapi sasa kama bibi angekuwa bado nje ya dirisha.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Mtoto alilala, nilifungua mdomo wake, nikaona mlango mdogo wa pumzi ukifunguka na kufungika, nikapitisha mpira. Utumbo ulikuwa umevimba lakini ulikuwa hai. Bibi alisimama mlangoni mpaka mshono wa mwisho.

Bibi alipokabidhiwa mtoto wodini alimvua nguo zote. Akamtazama shingo mbele na nyuma, kwapani, nyayo. Hakuona kitu. Kisha mtoto akalia, na sauti ikatoka imekauka kama ya mzee.

"Mmemwibia sauti," akasema.

Nilimweleza kwamba mpira umemkwaruza koo, itarudi. Nilisema kwa uhakika zaidi ya niliokuwa nao. Nililala nikijiuliza kama nilichagua mpira mnene mno, na asubuhi nilipita wodini kabla ya kunywa chai. Bado alikuwa anakwaruza. Bibi alinigeuzia mgongo. Kesho yake tena nilikwenda, na nikawasikia kutoka uani: mtoto anapiga mayowe mazito, ya njaa, wodi nzima inanung'unika.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, kamkumbatia, wala hamnyamazishi. "Mwache alie," alimwambia mkwewe. "Nataka nisikie vizuri."

Mama wa mtoto, ambaye tangu waje sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya neno moja, akajifunika mdomo kwa mkono akacheka. "Mama, na sisi tutalala lini?"