Nilivyowalisha wakwe zangu wavuvi samaki wa katoni, soko huria likanigeukia

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu mliomo humu, na wadogo marahaba.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Mkwe wangu yuko hai, ana smartphone na humu anapitaga, kwa hiyo siwezi kuongeza chumvi hata nikitaka.

Mimi ni mzee wa Bweri, hapa Musoma. Asili yetu ni Butiama, na ng'ombe wangu wachache wako huko kwa mdogo wangu. Nilikuwa na duka Bunda miaka mingi, bidhaa karibu zote za kutoka nje. Kwa hiyo kijiweni mimi ndiye nilikuwaga mtetezi mkuu wa free trade.

Mkulima wa pamba akilalamika bei imeanguka, namwambia aende na dunia. Fundi cherehani akisema mitumba imemmaliza, namwambia abadilike.

Nilikuwa nasema hivyo nikiwa nimeshiba. Hilo nakiri mapema.

Sasa kijana wangu Magori akapata mchumba Kiriba, binti wa mvuvi, Mzee Masatu. Mambo yakaenda vizuri mpaka siku ya upande wa binti kuja Butiama kuchagua ng'ombe wa mahari. Kwetu siku hiyo wageni hula kwanza, ndipo waingie zizini. Wakiondoka na kinyongo, ndoa hakuna.

Mama Magori akaniagiza niende mwaloni asubuhi nikachukue sato wabichi kwenye mitumbwi.

Mimi nikapiga hesabu zangu za kibiashara. Mjini kulikuwa na duka linauza sato wa kutoka nje, wamegandishwa ndani ya katoni, wakubwa, na bei nafuu. Samaki si samaki tu? Nikabeba katoni mbili. Mama Magori aliziangalia, akaniangalia mimi, akaenda kuwasha moto. Wenye ndoa za muda mrefu mnajua maana yake.

Chakula kikaletwa. Samaki wamelala kwenye sinia, wote urefu mmoja, unene mmoja, kama matofali.

Wakuu, nilikuwa nimewaandalia samaki wa friza watu waliozaliwa kando ya ziwa.

Mzee Masatu akamgeuza samaki wake, akafunua shavu, akanusa kidogo. Akaniuliza kwa upole ametoka mwalo gani. Nikamtajia mwalo mmoja wa hapa mjini. Akasema wavuvi wa mwalo ule anawajua wote, na tangu juzi hawajaingia ziwani kwa sababu ya upepo.

Shangazi wa binti ndiye alinimaliza. "Shemeji, samaki wa ziwani hawavaagi sare."

Walicheka mpaka mdogo wangu naye akacheka, msaliti yule.

Badala ya kuomba radhi, nikasimama kuhutubia. Nikaeleza globalization, kwamba dunia sasa ni soko moja, mwenye bei nafuu ndiye anunuliwe, mambo ya "huyu ni wa kwetu" yamepitwa na wakati. Magori alikuwa ananikonyeza ninyamaze. Sikumwona, au nilijifanya sikumwona.

Mzee Masatu akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanawa mikono.

"Nimekuelewa, mkwe. Basi kuna mtu wa Bunda naye ameleta posa kwa binti yangu. Ng'ombe wake wamenona kuliko hawa. Kwa kuwa ni soko moja, ngoja nipite kwake kwanza."

Magori akawa kama amemwagiwa maji.

Nikaanza kujitetea haraka haraka. Nikasema sisi tumeshazoeana, watoto wanapendana, mambo ya undugu hayapimwi kwa unono wa ng'ombe.

"Kumbe undugu unaujua," akasema.

Kisha akaacha utani. Akasema biashara na watu wa nje haikatai, hata sangara wake minofu inapanda ndege, huku sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa.

"Ila binti huyu kasomeshwa na sato. Nikikunja nyavu kwa sababu ya katoni zako, wewe utakuwa mkwe wa nani?"

Niliwakumbuka yule wa pamba na yule fundi. Nao walikuwa wananiuliza hilo hilo miaka yote, mimi nikawa nawapa ushauri.

Nikaomba radhi mbele ya wote. Mtu wa Bunda, nilikuja kujua baadaye, hakuwahi kuwepo.

Wakaingia zizini. Mzee Masatu akanyoosha fimbo moja kwa moja kwa ng'ombe wangu wa maziwa mwenye baka jeupe, ambaye nilikuwa nimepanga asiguswe. Sikubisha. Aliyelisha wavuvi samaki wa katoni anabishaje?

Sherehe ilifanyika, na sato wote walitoka Kiriba.

Nilichojifunza: simu ninayoandikia imetoka nje, sitaitupa. Lakini siku hizi kabla sijashangilia bei nafuu, najiuliza nani wa hapa amekunja nyavu.

Katoni ya pili ilibaki. Mama Magori ametangaza ni ya kwangu peke yangu mpaka iishe. Kila nikianza kuchambua uchumi mezani, anaelekea kwenye friza.

Karibuni mchangie wakuu. Msinitete, nisaidieni tu namna ya kuwapika wakolee.