Nilimshuhudia Nisiyemjua

Sehemu yetu Waislamu katika makaburi ya upande huu wa Sydney haina kuchagua mahali. Makaburi yanakwenda kwa safu. Anayekufa leo analazwa kando ya aliyekufa jana, awe Mlebanoni, Msomali au mtu wa pwani kama sisi. Kaka yangu alizikwa Jumanne. Jumatano mchana nikiwa bado kwa shemeji yangu, mjane wake, Bankstown, ujumbe ukaingia katika kundi letu la simu: baba mzazi wa dada mmoja mwenzetu wa Guildford amefariki, maziko baada ya alasiri.

Dada mwenyewe simjui vizuri. Tulikutana kwenye Idi mara mbili tatu. Lakini watu wa pwani hapa ni wachache, na jeneza linataka mabega. Jana yake watu wale wale walikuja kwa kaka. Nikavaa kanzu ile ile, ina udongo kwenye pindo.

Nilipofika nikaona shimo limechimbwa kando ya kaka yangu, ukuta mwembamba tu wa udongo baina yao. Nilifurahi, sisemi uongo. Nikajisemea, kaka kapata jirani wa kuzungumza naye Kiswahili.

Marehemu hakuwa na mtoto wa kiume hapa. Mkwewe aliingia kaburini, akahitajika mwingine, nikashuka mimi. Tukampokea, tukamlaza kwa ubavu wa kulia. Mimi ndiye niliyefungua fundo la sanda kichwani na kulaza shavu lake juu ya udongo. Lilikuwa shavu la mzee, lina ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri. Nililishika kwa adabu, kama nilivyolishika la kaka.

Tulipokwisha kufukia, sheikh akauliza kama desturi yetu ilivyo: "Mnamshuhudia vipi ndugu yenu huyu?"

"Mtu mwema," tukajibu.

Akauliza mara tatu, tukajibu mara tatu. Kisha mkwe akasimama, akasema kama kuna mtu aliyekosewa na mzee, amsamehe. Sote tukasema tumemsamehe. Sauti yangu ilikuwa juu. Siku ile nilikuwa na huruma na kila maiti.

Kurudi, nilipanda gari la mzee mmoja tunayetoka naye mji mmoja. Huyu ana utani na kila mtu, hata msibani.

"Leo umefanya kazi," akaniambia. "Umemgeuza mheshimiwa kwa mikono yako. Enzi zake hata askari walimwogopa."

"Mheshimiwa gani?"

"Kumbe hukumjua? Si ndiye hakimu wetu yule, baadaye akawa mbunge. Alikuja kwa bintiye kutibiwa figo. Nusu ya mji ule kaifunga yeye." Akacheka, kisha akanitazama. "Vipi, bwana mdogo?"

Nilimwomba asimamishe gari. Nikashuka, nikasimama kando ya barabara, malori yanapita. Mikono yangu ilikuwa na udongo kwenye kucha na sikujua niiweke wapi.

Kaka alikuwa mlinzi wa ghala la sukari. Sukari ikapotea, na waliojua imekwenda wapi walikuwa wakubwa. Hakimu yule alimsikiliza kaka kwa muda usiofika robo saa, akampa miaka mitatu. Kaka ndiye aliyekuwa akinisomesha, kwa hiyo nami nikaacha shule. Shemeji alikuwa na mtoto mchanga. Alipeleka chakula gerezani kila siku waliyomruhusu, kwa miguu. Kaka alipotoka hakulitaja tena jina la hakimu. Ndani ya nyumba alikuwa "yule mtu" tu. Mimi sikupata kumwona uso, ila siku ile kaburini, na sikujua ninayemwona.

Nilipomweleza, mzee alinifikisha Bankstown bila utani tena. Shemeji yumo edani, haendi makaburini, hivyo kila nikitoka huko ananiuliza. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka na tasbihi.

"Huyo wa leo wamemlaza wapi?"

"Kando ya kaka."

"Alhamdulillahi. Ni nani?"

Ningeweza kusema baba wa dada wa Guildford, nikaishia hapo. Isingekuwa uongo. Lakini alikuwa ananitazama, nikamwambia. Nikamweleza na lile shavu, na ule ushahidi.

Hakulia. Aliweka tasbihi chini.

"Ukasema mtu mwema?"

"Nilisema."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu, shemeji."

"Na ukamsamehe."

"Nikamsamehe."

"Ulimsamehe nini wewe? Wewe ulifungwa?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulitembea na kikapu wewe?"

Nilikwenda nyumbani, na kesho yake kazini Ingleburn nilipanga masanduku siku nzima. Kilichonitia hofu si kwamba hakimu yule amezikwa pale. Ardhi haina kesi na mtu. Ni kwamba nilikuwa nimetoa neno mbele ya Mungu kama mtu anayejaza fomu.

Ijumaa, baada ya sala, nilimwomba sheikh ruhusa. Nikasimama mbele ya watu wetu, nikasema: "Juzi nilimshuhudia mzee wetu kuwa ni mtu mwema. Mimi sikumjua. Naondoa ushahidi wangu, si kwamba nasema ni mbaya. Na msamaha nilioutoa haukuwa wangu. Mwenye nao yuko hai."

Mkwe alishika viatu vyake akatoka. Mzee wa utani aliniambia pembeni, "Umetuvua nguo," na hakunipa lifti.

Jumapili binti wa marehemu alibisha hodi kwa shemeji. Alikuja peke yake, macho yamevimba. Nilikuwepo, nikataka kuondoka, shemeji akaniambia nikae.

"Mama, sikuwa nikijua," alisema binti. "Kwetu baba alikuwa baba tu. Nimeambiwa habari za mumeo, nimekuja kumwombea radhi."

Shemeji alimwonyesha mkeka. Wafiwa wawili wa wiki moja, mmoja wa mume, mmoja wa baba.

"Kaa kwanza," akasema. "Umekula?"

"Sijala."

Akala wali wa shemeji, kidogo kidogo. Alipomaliza akauliza tena, kwa woga, kama amesamehewa.

"Sijui, mwanangu," shemeji alisema. "Ningekuambia ndiyo ungeondoka umefurahi, na mimi ningebaki muongo. Eda yangu ni miezi minne na siku kumi. Ikiisha nitakwenda pale niwaone wote wawili, halafu nitakuambia. Lakini uwe unakuja."

Amekuja mara nne mpaka leo, na eda haijaisha. Shemeji hajamwambia kitu, na mimi simuulizi.