Mchikichi Aliouruka Baba Mdogo

Uvumilivu wangu ulikatika pale baba mdogo alipofika kwenye mchikichi wangu, akauruka.

Nilikuwa nimemleta mtoto wangu wa kwanza kwetu, kijiji cha Gatete, aonwe na ukoo. Mawese yalichemka uani, bia ya ndizi ilizunguka, na baba mdogo akawatembeza wageni shambani kuwaeleza historia yetu, kama babu alivyozoea.

Historia yenyewe imesimama ardhini. Wakati wa vita babu aliliacha shamba lake kubwa hapa akakimbilia Tanzania. Tuliporudi, kabla hata ya kuezeka nyumba, alipanda mstari wa michikichi: mmoja kwa kila mtoto wake, kisha mmoja kwa kila mjukuu, wa kike na wa kiume. Mimi alinipa mche niushike, akaniambia nikanyage udongo. Nilikanyaga kwa kucheza, matope mpaka magotini. Babu alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa babu hayupo, baba yangu hayupo, na baba mdogo anataka kuwagawia wanawe shamba lote.

"Huu iko wangu," aliwaambia wageni. "Na ule, wa mutoto wangu mukubwa."

Kati ya hiyo miwili kuna mmoja.

"Na huu hapa katikati, baba?" nikauliza, mtoto mgongoni.

"Wewe uliolewa. Wako iko kwa bwana yako."

"Kwa bwana yangu hakuna mchikichi hata mmoja! Huu ulijipanda wenyewe?"

Shangazi, dada yake mkubwa, akaweka kikombe chini. "Na ule wa kwanza kabisa, wangu mimi, mbona umeupita kama choo cha watu?"

Wageni waliangua kicheko.

"Nyinyi wanawake mutaniharibia sherehe!"

"Sherehe ndiyo imeanza," shangazi akasema, akapiga vigelegele. Wanawake wakaja na miko yao ya mawese, tukauzunguka mchikichi wangu tukicheza. Nilikanyaga udongo uleule. Hasira haikuisha, lakini nilicheza vizuri sana, na mtoto mgongoni alicheka.

Jumatatu nilikwenda na shangazi kwa shefu wa kilima, mkuu wa kijiji chetu. Nimesoma sekondari, niliandika mwenyewe:

"Ninamshtaki baba yangu mdogo. Babu alinipandia mchikichi pamoja na wajukuu wengine, na udongo wake niliukanyaga mimi. Ninaomba fungu la marehemu baba yangu lisigawiwe bila mimi. Ninaomba pia wazee waje shambani, na yeye aisimulie upya historia ya ukoo mbele yao, mti kwa mti, bila kuruka."