Ngoma ya Mzee Lukasi

Ngozi ya ng'ombe ikipashwa moto hutoa harufu nzito, kama ya nywele zilizoungua kidogo. Wengine huikimbia. Mimi nikikutana nayo popote husimama nikaivuta vizuri, maana ndiyo harufu ya ua wa Mzee Lukasi, kijijini kwetu karibu na Ushirombo, miaka ya sabini, nikiwa darasa la nne.

Mzee Lukasi ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kanisa letu. Siku moja akiezeka nyumba aliteleza, akaanguka na kuvunjika nyonga. Alitibiwa akarudi, lakini miguu haikumbeba tena. Mama yangu na wenzake wa jumuiya walikuwa wakiwatembelea wagonjwa kila Alhamisi. Walifagia, walifua, walichota maji, wakapika uji, kisha wakasali na kuimba. Mimi niliandamana nao na kindoo changu, na kila nyumba walitupokea kwa furaha, isipokuwa ya Mzee Lukasi.

"Mama Tereza," mzee alimwambia mama akiwa ameugeukia ukuta, "asanteni kwa maji. Lakini mnaniimbia kama mnanizika. Msirudi."

Mkewe alitusindikiza hadi njiani akifuta machozi. Alisema mumewe sasa hata chakula hataki.

Akina mama wenzake walishauri mzee aachwe apumzike. Mama hakubishana. Alhamisi iliyofuata alipita kwa katekista, akaiomba ile ngoma ambayo tangu mzee aanguke haikuguswa na mtu, akanitwika. Tulipofika uani aliwasha mabua, akaipasha hadi ngozi ikakaza, kisha akaiweka mbele yangu, chini ya dirisha la mgonjwa.

"Piga."

"Sijui kupiga, mama."

"Piga unavyoweza."

Nikapiga. Kuku walitawanyika. Akina mama walijaribu kuimba, lakini wimbo ulikwenda huku na ngoma kule, mpaka Mama Anjela akajiziba mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Nani anaitesa ngoma yangu?"

"Ni Tereza wangu, mzee," mama alijibu kwa upole sana. "Pasaka atapiga yeye kanisani. Hatuna mwingine."

Tukasikia kitanda kikilia, mzee akijigeuza.

"Mleteni ndani huyo mtoto."

Niliingia, nikapiga goti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekula leo?"

"Nimekula."

"Basi mbona mikono haina nguvu? Kaa hapa." Akaanza kugonga ubao wa kitanda kwa vidole, taratibu, nami nikimfuatisha. Baada ya muda alimwita mkewe. "Lete huo uji wao. Siwezi kufundisha nina njaa."

Tangu hapo nilikwenda kila nilipotoka shule. Alinigombeza, alinichekesha, na mara nyingine alinisifu kwa kuguna tu.

Pasaka ilipofika, vijana walimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliotandikwa nyasi, wakamleta kanisani. Aliwekwa kwenye kiti kando yangu. Mzee mmoja wa kanisa alinong'ona kwamba ngoma si kazi ya msichana. Mzee Lukasi alimtazama. "Nimemfundisha mimi," akasema. Ulipofika wimbo wa Utukufu nikaanza. Yeye alipiga mapaja yake, watu wakaanza kucheza palepale kwenye mabenchi, na kigelegele cha kwanza kilikuwa cha mama.

Hakutembea tena maisha yake yote. Lakini ua wake haukukosa watoto wanaojifunza ngoma, na Alhamisi akina mama wakichelewa aliwatumia mtu kuuliza kulikoni.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama kweli hakuwa na mtu mwingine wa kunifundisha. Nilishakuwa na watoto wangu mjomba aliponisimulia kwamba babu yetu alikuwa mpiga ngoma, na kwamba mama, kabla hajaolewa, alipiga kuliko kaka zake wote. Nilimwendea mama, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwuliza kwa nini hakunifundisha mwenyewe.

Hata hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Ningekufundisha mimi," alisema, "Lukasi angefanya kazi gani?"