Shimo la Samadi

Godoro lile lilinikasirisha kabla sijaligusa. Nilikuwa nimejiandikisha kwenye gym mpya hapa Kitengela, ghorofa ya tatu, mimi na magoti yangu ya miaka arobaini na kitu, na kijana anayefundisha wanaoanza akanionyesha godoro la buluu, nene ajabu. "Mathe, hapa usiogope kuanguka," akasema. "Hii kitu iko soft kuliko kitanda yako." Kisha akataka nipige pushup. Nikamwambia kifundo cha mkono wangu wa kushoto hakikunjiki. Akauliza kwa nini. Yeye nilimjibu kwamba ni ajali tu ya zamani, lakini wewe nitakueleza ukweli.

Nilikuwa darasa la saba, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Kitengela ilikuwa nyasi na upepo, na siku nyingine upepo huo ulituletea vumbi jeupe la saruji kutoka upande wa Athi River, alikokuwa akifanya kibarua baba. Nyuma ya shule uliweza kuona punda milia wakila pamoja na mbuzi wa watu, wala hakuna aliyeshangaa. Mwaka huo tuliletewa mwalimu mpya wa michezo. Sisi tulizoea kuruka juu kwa kupitisha mguu mmoja kisha mwingine, kama mtu anayevuka ua. Akatuambia hiyo ni ya zamani, wanaoshinda mashindano kule Kajiado wanaruka kwa mgongo.

Kwa mgongo! Unakimbia, hatua ya mwisho unaugeuzia ufito kisogo, halafu unajirusha nyuma bila kuona unakoangukia. Wiki mbili nzima nilikimbia vizuri, lakini nikifika pale nasimama, kama punda aliyekataa mzigo, na darasa lote likacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa akiniambia, "Wewe usitafute chini. Chini itakutafuta yenyewe."

Ila chini yetu ilikuwa udongo mgumu. Jirani wa shule alikuwa nyanya mmoja Mmasai, tukimwita Koko kama wajukuu wake walivyomwita. Boma lake lilikuwa na samadi ya mbuzi ya miaka mingi, kavu na laini, ukiikanyaga unazama mguu. Malori kutoka Kiambu yalikuja kumbembeleza aiuze kwa ajili ya mashamba ya huko, naye akayarudisha tupu. Sisi tulipoenda na kuinamisha vichwa atuguse utosini kwa salamu ya Kimasai, alicheka. "Chukueni, nakera, watoto wangu. Lakini mimi nataka kuona hiyo kuruka ya kinyumenyume."

Tulichimba shimo na kulijaza muhula mzima, gunia kwa gunia, kila siku baada ya masomo. Mimi nilibeba mgongoni, ukamba ukipita kichwani, kama mama alivyobeba maji, na jioni mama huyo huyo alikataa kunipa muthokoi, mahindi yake ya kukoboa na maharagwe, mpaka nioge. Nilinuka mbuzi hadi kwenye nywele. Na siku moja, sijui hata ilikuwaje, sikusimama. Niliona mbingu, nikasikia kimya, kisha samadi ikanimeza mpaka masikioni. Nilipotoa kichwa Koko alikuwa kwenye ua akipiga vigelegele. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nimeolewa na kuzaa.

Ijumaa moja ilikuwa siku ya kuchagua wa kwenda Kajiado. Nilihitaji kuruka mara moja tu, ufito ukiwa usawa wa bega la mwalimu, na nilikuwa nimeshaupita mara nyingi. Tukatoka darasani tukikimbia. Shimo lilikuwa tupu. Lilikuwa limekwanguliwa hadi kwenye udongo, na alama za magurudumu ya lori zilitoka pale moja kwa moja hadi lango la shule.

Mwalimu mkuu alikuwa ameiuza samadi yetu. Alisimama pale, mikono mfukoni, akatuuliza, "Kwani mnalilia mavi ya mbuzi?"

Mpaka leo naisikia sentensi hiyo na mwili unanichemka. Mwalimu wetu alisema turuke ile ya zamani. Wenzangu wakaruka. Mimi sikutaka. Nilikuwa na hasira ya mtoto, ile isiyo na pa kwenda, nikakimbia huku mwalimu akipiga kelele, "Wewe, simama!" Nikaupita ufito, hilo naapa. Ila safari hii niliitafuta chini, kwa mkono wa kushoto.

Kajiado nilifika. Nilifika hospitali siku iliyofuata, na tulipopita uwanjani nikaona watu wakichora mistari kwa chokaa kwa ajili ya mashindano. Mwalimu mkuu alimwambia mama kwamba mimi ni mtukutu, na mama, Mungu amrehemu, aliomba msamaha. Koko peke yake ndiye aliyekwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Alisema maneno matatu, "Niliwapa watoto hao," akageuka na fimbo yake akarudi nyumbani. Jumatatu mwalimu wa michezo akahamishwa, na shimo likawa la kuchomea takataka.

Dirisha la gym linatazama upande wa shule hiyo. Boma la Koko sasa ni maghorofa ya kupangisha, na sehemu ya uwanja imejengwa maduka. Hakuna punda milia. Mwalimu mkuu alistaafu kwa hotuba na kanga alizovishwa na wake wa wazee.

Juzi kijana wa gym alitoka kupokea simu. Nililigeuzia godoro mgongo nikajiachilia, bila kutafuta chini. Lilinipokea vizuri kabisa. Halikuwa na harufu yoyote. Nililala pale nikitazama dari na machozi ya hasira yakaniingia masikioni, palepale ilipoingia samadi.

Kijana akarudi mbio. "Mathe, umeumia?"

"Hapana," nikamwambia. "Leo sijaumia."