Ndazi Kwenye Waya wa Katikati

Katika institut yetu hapa Butembo nilisoma mota kwa miaka miwili bila kuona hata moja. Msicheke. Tulikuwa na mota ya chaki. Profesa aliichora ubaoni kila Jumatatu, akaiwasha kwa mdomo, "vuuu", akaizima kwa kifutio, nasi tukaandika kwamba mazoezi yamekwisha. Mota ile haikuharibika hata siku moja.

Ndiyo maana niliitaka ile staji kuliko kitu chochote. Kampuni moja ya umeme kule Beni ilitangaza miezi mitatu ya kujifunza kazi ndani ya kituo chenyewe, kando ya mashini zinazonguruma kweli. Nafasi moja kwa institut nzima. Ukiikosa, unamaliza masomo na diploma ya kitu ambacho hujakigusa, watu wanakuita ingénieur, yaani mhandisi, na wewe unaitika.

Mama yangu hakungoja. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, alisimama akamshukuru Mungu kwa staji ambayo sikuwa nimeiomba bado. "Mutoto yangu iko naenda kutuletea courant!" Wamama waliposikia umeme unakuja wakapiga vigelegele, na mmoja akanivuta pembeni akaniomba nianze na nyumba yake, maana iko karibu na barabara.

Sasa kuna jambo ambalo Mama hakuwaambia, kwa sababu hakulijua.

Kabla ya kuanza masomo nilifanya kazi katika kibanda cha fotokopi karibu na soko. Siku moja profesa huyu huyu alileta silabusi yake, daftari la masomo aliloliandika kwa mkono tangu ujana wake, nimtolee kopi za promotion nzima, wanafunzi wote wa mwaka ule. Asubuhi ile nilikuwa nakula ndazi. Nilipofika kwenye ukurasa wa mota, chembe moja ikaanguka juu ya kioo cha mashini, ikashika, nami sikuiona mpaka kopi zote za ukurasa ule zikatoka. Juu ya waya wa katikati kulikuwa na kaduara keusi, kenye kamkia. Nikapangusa kioo, nikanyamaza. Nani angeangalia kaduara?

Kila mtu alikaangalia. Ile silabusi ya mkono ilibaki nyumbani kwake Eringeti, siku ambayo profesa alikimbia vita kutoka kule na watoto wake na godoro moja. Tangu hapo alifundisha kwa kopi kama sisi. Mara ya kwanza alipokutana na kaduara alikakazia macho muda mrefu, chaki mkononi, kisha akatugeukia. "Hii ni protection. Bila hii, mota inaungua." Kwenye mtihani kaduara kalikuwa na pointi mbili. Mimi, mwenye ndazi, nilikachora vizuri sana, pamoja na kamkia.

Tulikwenda Beni watano, kwa pikipiki, kushindania ile nafasi moja. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alisikia neno ingénieur, akatutolea redio yake iliyokufa tuitengeneze. Tuliigeuza, tukaiangalia kwa heshima, tukamrudishia.

"Ba-ingénieur ya bure!" akatupigia kelele nyuma.

Ofisini alitupokea mkubwa wa kituo, mama mmoja mwenye buti za matope na miwani iliyofungwa kwa uzi; wote walimwita Mama Ingénieur. Alitugawia karatasi: chora namna mota kubwa inavyowashwa. Tukatazamana kwa furaha. Ukurasa ule ule! Kalamu tano zikaanza kukimbia. Mimi nilipofika kwenye waya wa katikati mkono ukasimama. Halafu nikakachora na mimi, lakini kadogo, kama mtu anayeomba radhi.

Mama Ingénieur akazipanga karatasi zetu mezani.

"Bon. Muko batano, na bote munaweka kitu hapa." Akagusa kaduara kwa kidole. "Ni nini?"

"Fusible, Mama," akasema wa kwanza.

"Condensateur," akadakia wa pili, kabla mwenzake hajafunga mdomo.

Wa tatu alikuwa amevaa tai ya mjomba wake. "Ile inategemea na climat, Mama. Kwetu mu Butembo kuko baridi, donc tunaiweka. Fasi ya joto banaweza kuiacha."

"Na hapa Beni?"

Akafikiri. "Hapa tunaiweka nusu."

Wa nne akasema ni mahali pa kutia mafuta. Nikageuka kumtazama, maana huyu alikuwa amekaribia kabisa.

"Na weye, mwana wangu?"

Nilimwona Mama yangu amesimama kanisani. Nilimwona profesa na godoro lake. Wenzangu wanne walinikazia macho, kila mmoja akitaka niunge mkono jibu lake. Nikajua kwamba nikidanganya nitaweza kushinda, na nitaingia mahali pa mota za kweli na uongo mfukoni.

"Ni ndazi, Mama."

"Unasema?"

"Ndazi. Yangu."

Nikamweleza yote: kibanda, kioo, chembe. Nikamwambia profesa hana kosa. Mwenye tai alijikamata kichwa. Mama Ingénieur alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ulijua, na umeichora?"

"Iko na pointi mbili, Mama."

"Na tukiitosha, tukiiondoa kabisa, mota inatembea?"

"Inatembea. Nilifuata courant na kidole mara nyingi, kuanza huku mpaka kule." Nikamwonyesha kwenye karatasi, swichi kwa swichi. "Ikifika hapa haina kazi ya kufanya. Inapita tu."

Mama Ingénieur aliifuata njia ile kwa kidole chake mwenyewe. Alikusanya karatasi, akatuaga. Mpaka Butembo wenzangu waliniita Ingénieur Ndazi, na mwenye tai aliapa kwamba nimewauza wote kwa kifungua kinywa.

Baada ya wiki moja walinipigia simu. Nafasi ilikuwa yangu. Mama alirudi kanisani kushukuru mara ya pili, na yule mwenye nyumba ya barabarani akanikumbusha.

Nilimwendea profesa mwenyewe, asisikie kwa wengine. Alicheka mpaka akakohoa.

"Na zile pointi mbili?" nikamwuliza.

"Pointi ni pointi, mwanangu. Nani atakubali kuzirudisha?" Kisha akaguna. "Lakini Jumatatu nitakafuta."

Siku ya kwanza Beni nilipewa kofia ngumu ya njano. Niliivaa nikijisikia mkubwa. Mama Ingénieur akanipeleka kwenye chumba kidogo, akaniwekea mikononi plani, michoro ya kituo kizima. Mbele yangu kulikuwa na mashini ya fotokopi.

"Kwanza, pangusa kioo," akasema.

Nilitoa kopi siku tisa, na kofia kichwani. Siku ya kumi alinifungulia mlango wa nyuma. Mota ilikuwa pale, ya kijivu, kubwa kama mbuzi aliyelala, ikinguruma sauti ambayo profesa hakuwahi kuipata kwa mdomo. Akanionyesha pa kuweka kiganja. Ilikuwa na joto, na ilitetemeka kidogo. Machozi yalinijia, nikasingizia vumbi.

Halafu akafungua sanduku la waya ukutani, na macho yangu yakaenda yenyewe kwenye ule wa katikati.

"Unatafuta nini?"

"Hapana kitu, Mama."

Akaniangalia juu ya miwani. "Haiko," akasema.